Deheni Kwenye Taa ya Kushoto

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa ukuta. Ulikuwa ukuta wa nyumba yetu kule Mabawa, Tanga, umepakwa chokaa, na chini umeanza kumomonyoka kwa chumvi. Ubavuni mwake palikuwa na banda la makuti, na humo ndimo ilimolala pikapu ya kaka yangu Bakari, nyuma yake ikiuelekea ukuta. Mimi nilikaa mahali pa dereva, mguu juu ya breki, kazi yangu kukanyaga nikiambiwa kanyaga na kuachia nikiambiwa achia. Nina mvi sasa, nimezaa na nimezika, lakini nilichokiona ukutani alasiri ile bado kinanisisimua mwili kila nikikikumbuka.

Lakini nisikimbilie mwisho. Huwezi kuielewa taa ile kabla hujamjua baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa kukalafati vyombo. Asili yake Tongoni, na tangu ujana wake kazi ilikuwa kuziba nyufa za mashua kwa pamba, kisha kuzipaka deheni tumboni ili maji yasipenye. Deheni, kwa nyinyi mliozaliwa juzi, ni shahamu iliyoyeyushwa ikakandwa na chokaa mpaka ikawa uji mzito, mweupe. Ukiipaka, inakauka na kuwa gamba. Hewa ya pwani yetu unaijua inavyokula chuma. Baba naye alikuwa hawezi kukiona kitu kiko wazi akakiacha. Bawaba za milango zilipakwa deheni, misumari ya mabati ilipakwa deheni, mpini wa jembe langu ulipakwa, na siku moja nilikuta kidogo imepakwa kwenye kitasa cha sanduku langu la nguo. Hakuwa mtu wa kusema "nawapenda wanangu", maneno hayo yalikuwa yanamkwama kooni. Alikupakia deheni, basi ukajua.

Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: Baba, Bakari na mimi. Tulikuwa tunakula sinia moja. Bakari alikuwa akichukua machungwa Muheza na kuyaleta sokoni Tanga kwa pikapu hiyo, iliyonunuliwa imeshachoka lakini yeye akiiosha kama bibi harusi. Taa zake za nyuma zilikuwa zimepasuka, moja imefungwa kwa gundi ya karatasi, na akawa anaona haya kuegesha mbele za watu. Basi akanunua mpya. Hazikuwa zile za watengenezaji wa gari, zilikuwa zile za urembo, kioo cheupe, ndani vikombe vinang'aa utadhani vyombo vya sikukuu.

Alizifunga mwenyewe asubuhi, pale bandani. Kila taa ilikuwa na nyaya zake, na mmoja mweusi wenye pete mwishoni, wa kufungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Bakari akakwangua rangi pale pa bolti mpaka chuma kikameta, akakaza. Nikakanyaga breki. Zikawaka zote mbili, nikapiga vigelegele peke yangu. Kama una kaka umpendaye utanielewa.

Baba aliporudi kutoka kazini alizunguka nyuma ya gari, akaziangalia, akasema, "Taa za harusi hizi." Lakini jicho lake lilikwenda pale palipokwanguliwa. Chuma kitupu, pwani! Alasiri, Bakari akiwa amejinyoosha ndani, Baba alichukua kopo lake na spana, akafungua bolti ya kushoto, akapaka deheni chini ya ile pete, akapaka na juu, akakaza tena vizuri. Alipotaka kuhamia kulia, kopo likawa limekwisha. Akasema atamalizia siku nyingine. Nilimwona, nilipita karibu yake na ndoo ya maji. Bakari alipotoka alimwona pia, mikono myeupe. Hakuna aliyeshangaa. Baba kupaka deheni nyumbani kwetu ilikuwa sawa na mimi kufagia uwanja.

Baada ya hapo, mwanangu, gari likaanza vituko. Bakari akikanyaga breki, taa ya kushoto inafifia, na indiketa ya kushoto inajitia kuwaka wakati hakuna aliyeiwasha. Kwenye dashibodi mshale wa kijani unatokea wenyewe. Akiachia breki, vyote vinatoweka. Fundi wa barabarani akasema taa ni bandia. Mwingine akasema fyuzi. Bakari akabadilisha balbu, akabadilisha fyuzi, akabadilisha mpaka kile kidude kinachofanya indiketa ikonyeze, na hali ikabaki ileile. Shangazi alipopita kutusalimia akasema gari lina jini la kike linalopenda vitu vya kung'aa, tuchome ubani. Tulichoma. Banda likanukia vizuri, indiketa ikaendelea na mambo yake.

Ningekuwa nacheka hapa, lakini kilichofuata hakikuwa cha kucheka. Siku moja Bakari anatoka Muheza na mzigo, alipofika Pongwe akatokewa na mwendesha baiskeli mbele yake. Akakanyaga breki na kukata kulia kumkwepa. Nyuma yake lilikuwapo lori. Dereva wa lori aliona indiketa ya kushoto imewaka, akajua huyu anaegesha pembeni, akapandisha mwendo kumpita kwa kulia, kulekule alikokuwa anakwenda Bakari. Lori lilimpangusa ubavu, likang'oa kioo cha pembeni pamoja na kipande cha mlango. Machungwa yalimwagika barabara nzima. Mwendesha baiskeli hakupata hata mchubuko, na Bakari alitoka mzima. Aliporudi nyumbani alibaki amekaa mahali pa dereva, hashuki, mpaka nilipomshika mkono.

Baba alikuwa na hofu, mwanangu. Leo nalijua hilo, maana na mimi nimelea. Lakini hofu yake ilitoka mdomoni ikiwa hasira. "Nilikwambia taa za harusi hizi. Urembo wako utakuua."

Na Bakari, ambaye kifo kilikuwa bado kinamnukia puani, akajibu, "Basi naliuza. Naliuza, naenda zangu Dar."

"Nenda," Baba akasema.

Tangu hapo sinia likawa halina watu. Nampakulia Baba sahani yake, anakula barazani. Nampakulia Bakari yake, anakula bandani, amekaa juu ya tairi. Mimi nakula jikoni na machozi. Mtu wa Muheza akaleta habari kwamba atakuja kesho asubuhi kuitazama pikapu, na nikamwona kaka anakunja nguo zake. Niliogopa kweli. Nilijua akiondoka kwa namna ile, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye mwenye kosa, hatarudi hata kwa sikukuu, na Baba atakufa hajamwita.

Nikajitanda ushungi, nikaenda kwa Mzee Mhina.

Mzee Mhina alikuwa jirani yetu, Mbondei, Mlutheri, amestaafu reli. Kazi yake huko ilikuwa taa za ishara, zile zinazomwambia dereva wa treni apite au asimame. Nilimkuta anamenya muhogo. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Uso huo umeutoa wapi?"

Nikamweleza yote, taa, lori, sahani mbili. Alinawa mikono, akachukua kipande cha waya kilichotundikwa mlangoni, akanifuata. Hakubeba kitu kingine chochote.

Bakari alikuwepo bandani. Baba alikuwa barazani, amegeuza uso, lakini alipomwona mgeni akaja kusimama pembeni kwa adabu. Wakasalimiana, wakaulizana hali za nyumbani kwa kirefu, maana wazee wale hata nyumba ikiungua wangeulizana hali kwanza. Kisha Mzee Mhina akaniambia niingie nikae mahali pa dereva.

"Kanyaga."

Nikakanyaga. Kwenye kioo cha ndani niliuona ukuta. Upande wa kulia wekundu ulikaa mzito, umeshiba. Upande wa kushoto palikuwa na wekundu wa kuombaomba, na pembeni yake rangi ya chungwa, dhaifu, isiyotakiwa na mtu. Mbele yangu mshale wa kijani ulikuwa unanitazama.

"Achia. Bakari, moto ukishafika kwenye taa hii, unarudi wapi?"

Bakari akaitazama taa. Nami nilikuwa sijapata kusikia swali kama hilo. Nilidhani moto unakuja tu, unawaka, basi.

Mzee Mhina akachutama. Ncha moja ya waya wake akaikwaruzia pete ya taa ya kushoto mpaka ikashika chuma, ncha ya pili akaipeleka mpaka kwenye bolti ya taa ya kulia, ile ambayo Baba hakuifikia.

"Kanyaga, binti."

Nikakanyaga, na ukuta ukabadilika mbele ya macho yangu. Wekundu wa kushoto uliruka ukawa sawa na mwenzake, bega kwa bega. Rangi ya chungwa ikazimika. Mshale wa kijani ukafa. Nikaachia, nikakanyaga tena bila kuambiwa, nikaachia, nikakanyaga. Nywele zilinisimama. Hakuna kilichobadilishwa, hakuna kilichonunuliwa, kipande cha waya tu kimeunganisha taa na mwenzake.

"Moto wa gari ni kama mtoto aliyetumwa dukani," Mzee Mhina alisema, bado amechutama. "Ukitoka kwenye betri, lazima urudi kwenye betri. Waya mwekundu unaupeleka, na chuma chote hiki cha gari ndicho kinachourudisha. Sasa umefika kwenye taa, umefanya kazi yake, unataka kurudi kwao, unakuta mlango umezibwa. Hauketi ukalia. Unapita kwa jirani." Akagonga kwa ukucha balbu ya indiketa. "Unapenya humu, unakwenda mpaka taa ya mbele, ndiko unakopata pa kutokea. Na kila unapopita, unawasha."

Nilimsikiliza mdomo wazi, mwanangu. Miaka yote ile nimepanda magari, na sikujua kwamba chini ya unyayo wangu kuna kitu kisichoonekana ambacho kazi yake yote ni kutafuta njia ya kurudi kwao. Na kwamba kikikosa njia hakifi, kinazunguka, kinawasha visivyopasa kuwashwa, mpaka kinakaribia kuua mtu Pongwe. Nilitaka kulia na sikujua kwa nini. Subhanallah ndilo neno pekee lililonitoka.

Nikashuka mbio kwenda kuangalia. Mzee Mhina alikuwa ameshailegeza bolti ya kushoto kwa spana ya Bakari, na chini ya pete, palepale chuma kilipotakiwa kugusana na chuma, kulikuwa na gamba jeupe, gumu, limekaa vizuri. Na mimi mdomo wangu haukuwahi kunisubiri.

"Kumbe deheni! Kumbe ni Baba!"

Baba aliitazama mikono yake. Ile mikono iliyoziba maji kwenye vyombo vya watu nusu ya pwani hii, aliitazama utadhani ameikuta njiani. Bakari aliinua uso akamwangalia, nami nilijua lile ambalo angeweza kulisema. Lori la Pongwe lote lilikuwa ulimini mwake.

Mzee Mhina hakupandisha sauti. "Binti," akasema, "mimi nilikuwa natafuta njia ya moto. Sikuwa natafuta mtu. Rudi kwenye breki."

Nilirudi. Nilikaa pale nimeukunja mguu wangu kama kifaranga, haya imenishika hadi masikioni. Nimekaripiwa na wengi maishani, wengine kwa fimbo, lakini hakuna karipio lililoniingia kama hilo lililosemwa polepole na mzee aliyekuwa anapangusa magoti.

Kwa hiyo yaliyofuata niliyaona kwenye kioo. Niliona Bakari anainama, anachukua kipande cha msasa. Hakuanza kukwangua. Alikishika muda, halafu akamnyooshea Baba.

"Baba," alisema, "nikipaacha wazi, kutu itapala. Nikipaziba, moto haurudi. Nifanyeje?"

Mwanangu, angeweza kuuliza kitu kingine. Alikuwa na haki ya kuuliza kitu kingine. Akauliza kile.

Baba akapokea msasa, akapiga magoti nyuma ya gari, akasema bismillah, akaanza kukwangua lile gamba alilolipaka mwenyewe. Mtu ambaye maisha yake yote hakuacha mahali wazi, alikwangua mpaka chuma kikameta pande zote. Akaifuta pete kwa kanzu yake. "Chini, chuma kwa chuma," akamwambia Bakari. "Kaza mpaka mwisho. Ukishakaza, juu ndiyo kazi yangu." Bakari akakaza. Baba akachota deheni mpya kwa kidole, akaifunika bolti juu na pembeni, mviringo, taratibu. Kisha wakahamia kulia pamoja.

"Kanyaga!" sauti zote mbili zikaniita kwa pamoja.

Nikakanyaga. Ukuta ukawa mwekundu kushoto na kulia, na katikati ya wekundu ule nikaona vivuli vya vichwa viwili, vimekaribiana. Nilikanyaga muda mrefu kuliko nilivyoambiwa. Mzee Mhina alikwishaondoka kwenda kumalizia muhogo wake, na hata asante hatukuwahi kumpa siku hiyo.

Jioni nilitoa sinia moja. Hakuna aliyeuliza sahani yake iko wapi. Mtu wa Muheza alipokuja asubuhi alikuta pikapu imeshatoka kufuata machungwa, na Baba amesimama barabarani anaziangalia zile taa za harusi zikipotea kwenye kona.

Baba alifariki miaka mingi baadaye, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Bakari. Pikapu nayo ilikufa, ikabaki mfupa nyuma ya nyumba, kuku wakitagia ndani. Mwezi uliopita wanunuzi wa chuma chakavu walikuja kuichukua, na Bakari, sasa ana kikohozi na ndevu nyeupe, akasema ngojeni kidogo. Akaleta spana, akapasua lile gamba la deheni kwenye taa ya kushoto. Gari zima lilikuwa limeoza kwa kutu, mlango ukiusukuma kidole kinapenya. Akaifungua bolti, akaitoa pete, akaniita. Pale chini, mwanangu, paliposhikana chuma kwa chuma, palikuwa panameta kama vile wamepakwangua jana. Tulikaa tumepainamia sisi wazee wawili, na wanunuzi wakawa wanatuangalia wakijiuliza tumepatwa na nini.

Sasa nisikilize, maana najua unafunga taa mpya huku unatazama maelekezo kwenye simu. Ukifunga kitu, kisha kikaanza kukusumbua, usikimbilie kununua kingine. Rudi nyuma polepole: nini kilikuwa kinafanya kazi, nini kikaguswa baada ya hapo. Uliza moto unafikaje, halafu uliza unarudije, kwa sababu wengi huuliza la kwanza tu. Ukisha kuiona njia ilipozibwa, ifungue, na mdomo wako uufunge. Aliyeziba mara nyingi ni mtu anayekupenda, amepaka kile alichonacho mahali alipodhani panakuuma. Mpe msasa mkononi mwake, umuulize afanyeje, naye atajua mahali pake ni wapi. Na wewe ukipata wa kuwalea, walinde, lakini acha mahali pamoja wazi wanapoweza kugusana nawe, kisha ndipo uwafunike.

Haya, nenda kafunge taa zako. Mwenyezi Mungu akuoneshe njia ya kwenda, akufungulie na ya kurudi, na kila utakapokanyaga breki akuwekee nyuma yako mtu anayeona vizuri. Amin.